Nilitafsiri habari za manispaa ndogo ya Denmark hapa Nakuru, neno moja likamponza mama yangu

Wakuu, salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni nyanya wa hapa Section 58. Nimepita themanini na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo herufi ikiruka mnivumilie. Ila uongo hamtapata hapa. Kwa umri huu nitadanganya ili nipate nini?

Juzi kijana mmoja aliweka uzi humu wa kusifu manispaa fulani ndogo ya Denmark, pembeni mwa Copenhagen. Baiskeli, bustani, maktaba, wazee wamekaa juani na vikombe vya kahawa. Picha nilizipenda. Kilichonitibua ni comments.

"Sisi Waafrika hatujui kuishi mjini." "Tukipewa mahali kama hapo tunaharibu kwa wiki moja." Na likes zimejaa.

Nilizima simu nikaenda kupika chai, na hata chai ikaungua. Hasira ya siku hizi hainiachi upesi kama ile ya ujana.

Kwa sababu habari za manispaa kama hiyo mimi nilizisikia miaka ya hamsini, hapa hapa Nakuru, kabla baba zenu hawajazaliwa. Na si kuzisikia tu. Mimi ndiye niliyezitafsiri.

Kaeni niwaambie.

Wakati huo Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa haijaondolewa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nafanya kazi kliniki ya watoto kwenye location. Location ndiyo ilikuwa mitaa ya Waafrika, yenye geti, askari na ofisi yake. Nilikuwa nimesoma mission kidogo, Kiingereza nakijua, kwa hivyo daktari akiongea mimi nageuza kwa Kiswahili akina mama waelewe.

Sisi Wakikuyu wakati huo hatukuwa tunatembea hivi hivi. Bila passbook, kile kitabu cha pasi, huendi hata dukani. Mimi nilikuwa nayo kwa sababu ya kazi, na nilikuwa nimepewa chumba kimoja. Chumba cha mtu mmoja, ndivyo ilivyoandikwa mlangoni.

Mama yangu hakuwa na kazi mjini. Yeye na baba waliishi shamba la mzungu upande wa Njoro, wakikamua ng'ombe. Baba alipofariki alizikwa huko huko, nyuma ya mstari wa misonobari. Haukupita muda mrefu mama akaambiwa mikono yake imechoka, shamba halimhitaji tena.

Basi akaja kwangu. Angeenda wapi?

Ofisini walikuwa na jibu. Wakikuyu wasio na kazi wanarudishwa reserve, lile eneo lililotengewa kabila letu, "kwao". Mama yangu aliletwa Njoro akiwa mtoto mchanga, amefungwa mgongoni. Huko reserve hakuwa anajua hata njia ya kwenda mtoni. Lakini kwenye karatasi zao huko ndiko kwao.

Alikuwa na permit ya muda ya kukaa na mimi, na ilikuwa karibu kuisha. Nilikuwa nimeomba permit ya kudumu. Ombi langu lilikuwa kwenye meza ya mzungu aliyesimamia location, na kila asubuhi nilikuwa naamka na hilo jambo moja tu kichwani: atatia sahihi au hatatia?

Huyo mzungu tulimwita Bwana Majivu. Hakuna siku aliyopita bila kugombana na wanawake kuhusu majivu kwenye mitaro. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrisha mpishi. Lakini alikisikia vizuri kuliko alivyokisema, na hilo mlikumbuke.

Sasa, Alhamisi mchana tulikuwa na klabu ya akina mama kwenye hall. Kushona, kufuma, kupika keki kwenye sufuria. Aliyefundisha kufuma alikuwa Mdenmark, Bibi Grete. Mume wake alikuja upande wa Njoro kufundisha watu mambo ya siagi. Kiingereza cha Bibi Grete kilikuwa cha kukwaruza kama changu, kwa hivyo tulielewana sana.

Alikuwa mama mzuri. Nalisema mapema kwa sababu mbele nitamkasirikia.

Siku moja akaniambia anataka kutuonyesha mji wake. Anazo picha ndogo za kioo, na mashine ya kuzimulika ukutani. Bwana Majivu akakubali haraka. Alidhani wanawake wakiona mitaro misafi ya Ulaya watajifunza. Akasema atakuja mwenyewe kuketi nyuma.

Tukaziba madirisha na blanketi. Hall ikajaa. Mama yangu alikaa mstari wa pili, karibu na Mama Zainabu, muuza mahamri, mama Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akiwa mpagazi. Kiswahili cha Mama Zainabu kilikuwa kinatufanya sisi wengine tuone aibu kufungua mdomo.

Picha ya kwanza ikatokea chini juu. Kanisa jeupe limesimama kwa kichwa. Tulicheka mpaka Bibi Grete naye akacheka, akaligeuza.

Akaanza kueleza, na mimi natafsiri.

Akasema ni manispaa ndogo sana, imeshikana na jiji kubwa mpaka mgeni hajui amevuka saa ngapi. Ukianza kutembea baada ya chai ya asubuhi, unafika mpaka wa upande mwingine kabla ya chakula cha mchana. Zamani palikuwa mashamba ya kabeji na karoti za kulisha jiji. Reli ilipofika, watu wa jiji wakaja kutafuta hewa na mashamba yakageuka nyumba.

Akatuonyesha stesheni. Akatuonyesha kidimbwi na bata wawili, akasema watu wa kwao wanajivunia sana ziwa hilo.

"Ziwa ndilo hilo?" Mama Zainabu akauliza. "Hapo flamingo mmoja akinyoosha mguu si ataugonga ukuta?"

Hilo sikulitafsiri.

Akaonyesha nyumba za matofali mekundu, ghorofa tatu, zilizojengwa na manispaa kwa ajili ya wafanyakazi. Chini kuna chumba cha kufulia nguo, kila familia ina zamu yake. Akina mama waliguna. Sisi tulikuwa na mfereji mmoja wa maji kwa vyumba vingi, na zamu yenyewe ni nguvu za viwiko.

Kisha vibustani vidogo nje ya nyumba, kila kimoja na kibanda chake, watu wa ghorofa wanaenda kulima jioni. Akasema kwao vinaitwa bustani za koloni. Nikatafsiri vile vile, na mama mmoja akauliza kwa huruma, "Kumbe hata wao wametawaliwa?"

Tukacheka tena. Hata Bwana Majivu nilimsikia akikohoa kicheko.

Ikaja picha ya nyumba ya wazee. Manispaa imewajengea wazee wasio na nguvu, kila mmoja chumba na dirisha la kuangalia bustani. Hapo hall haikucheka. Nusu ya wanawake waliona ni laana kumtoa mzee kwa watoto wake. Nusu nyingine walinyamaza tu, na mama yangu alikuwa kwa hao walionyamaza. Nilimwona ameegemeza kidevu kwenye ngumi anaangalia hilo dirisha.

Picha ya mwisho ilikuwa ofisi ya manispaa, na saa juu ya paa. Bibi Grete akaanza kueleza baraza linavyochaguliwa. Kiingereza chake kilikuwa hivi: the residents choose the council. The residents pay, the residents decide. A resident can go to the mayor and ask him about the drain.

Wakuu, hapa ndipo nilipoteleza.

Resident. Ningesema nini? Wakaaji? Wakazi? Siku hiyo neno lililokuja mdomoni ni wenyeji. Mtu wa mahali. Neno safi kabisa.

Nikasema: "Wenyeji ndio wanachagua baraza. Wenyeji ndio wanaamua. Mwenyeji anaweza kwenda kwa mkubwa wa mji akamuuliza kwa nini mtaro umeziba."

Nilichosahau ni kwamba pale kwetu neno hilo lilikuwa limechukuliwa. Kwenye geti la location kulikuwa na ubao. Juu Kiingereza, chini Kiswahili. Pale Kiingereza kilisema Natives, Kiswahili kilisema Wenyeji. Wenyeji hawaruhusiwi hiki. Wenyeji waonyeshe pasi. Hata choo cha stesheni kilikuwa na neno hilo. Wenyeji tulikuwa sisi, na neno lenyewe tulilijua kwa kukatazwa.

Kwa hivyo hall nzima ilisikia kwamba huko Denmark, Natives ndio wanachagua serikali ya mji.

Mama mmoja akauliza, "Hao wenyeji wa huko ni weusi?"

Nikamtafsiria Bibi Grete. Akashangaa, akasema hapana, ni watu wa kawaida tu.

Watu wa kawaida tu! Alisema bila ubaya wowote, na mimi nikageuza bila kufikiri.

Mama Zainabu akasimama. Akajitanda leso vizuri kwanza. Akasema, "Mwanangu, niulizie. Hao wenyeji wa kwao, wanaomba kibali cha kulala chumba kimoja na mama zao?"

Nilijua anasema juu ya nani. Kila mtu alijua. Ningeweza kujifanya sikusikia, na miaka mingi nimejiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nikauliza.

Bibi Grete akaangalia hall, akaniangalia mimi. Akajibu polepole.

Nikatafsiri: "Anasema hapana. Anasema nani angewapa, na nyumba ni yao?"

Hapo hall ikalipuka. Wanawake wanaongea lugha tano kwa mara moja, mmoja anagonga benchi. Na kutoka nyuma sauti ya Bwana Majivu: "Fungua dirisha! Maneno kwisha!"

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini.

Permit ya mama ilikuwa mezani, imejazwa tayari, imebaki sahihi na muhuri. Aliiweka makusudi upande wangu niione.

"Wewe nasema wenyeji," akaniambia. "Pale picha hapana wenyeji. Pale iko wazungu. Wewe nataka leta fitina?"

Nikamwambia, "Bwana, nilitafuta neno la resident. Sikuwa na nia mbaya."

"Alhamisi wewe nasimama mbele ya bibi zote. Nasema wewe nakosa. Nasema picha ile iko ya wazungu, hapana wenyeji. Kisha mimi natia muhuri." Akagonga karatasi kwa kidole. "Mama nakaa. Siku zote."

Nikatoka hapo.

Nilimtafuta Bibi Grete. Nikamweleza yote, nikamwomba aende aseme neno nililotumia lilikuwa sawa, kwamba hakuna fitina. Akawa mwekundu usoni. Akasema ni mambo ya ajabu, haiwezekani, ataenda sasa hivi.

Akaenda. Nilimsubiri nje kwenye jua.

Alipotoka alikuwa anavaa glovu zake, kidole kimoja kimoja, haniangalii. Akaniambia amepewa maelezo. Kwamba hapa kuna utaratibu wake, na kwao pia kuna utaratibu. Labda nilipaswa kutumia neno lingine.

Huyo ndiye aliyesimama mbele yetu akituambia mtu wa kwao anaweza kumuuliza meya habari za mtaro. Yeye alishindwa kumuuliza msimamizi wa location habari za mama mmoja. Nimekasirikia watu wengi maishani, wengine wabaya kweli kweli, lakini ile hasira ya glovu sijawahi kuimaliza.

Alhamisi ikafika. Hall ilijaa kuliko wiki iliyopita, hata ambao hawakujua kushika sindano walikuja. Bibi Grete alisema anaumwa. Bwana Majivu hakukaa nyuma safari hii, alikaa mbele, kwenye kiti. Mama yangu mstari wa pili, pale pale.

Nilikuwa nimeamua. Nitasema anachotaka. Mama atakaa. Mambo ya maneno yataishia hapo. Msiniulize kuhusu ujasiri, sikuwa nao na sikuutaka.

Nikasimama. Nikasema, "Wiki iliyopita nilisema watu wa kwenye picha ni wenyeji. Nilikosea. Wale si wenyeji. Wale ni wazungu."

Mama Zainabu aliangalia chini. Nikataka kukaa.

Bwana Majivu akainua mkono. Hakuwa ametosheka. Alitaka jambo liingie vichwani.

"Sema yote," akaniambia. "Wenyeji iko nani?"

Wakuu, naapa sikupanga. Aliniuliza, na jibu lilikuwa lile lile la ubao wake, lile aliloandikisha kwenye geti kwa rangi nyeupe. Hapakuwa na jibu lingine.

Nikasema, "Wenyeji ni sisi."

Yeye akaitikia kwa kichwa, sawa kabisa.

Lakini kile nilichosema hakikufika masikioni kama alivyotaka. Nilikiona kikitembea kwenye ule umati, benchi hadi benchi. Mama mmoja akarudia kwa sauti ndogo, "Wenyeji ni sisi." Mwingine akarudia. Mama Zainabu akainua uso, na akapiga vigelegele virefu kama vya harusi. Hall nzima ikaitikia.

Bwana Majivu alibaki kichwa kimeishia nusu ya kuitikia. Nikamwona anavyoelewa, kuanzia shingoni, wekundu unapanda. Angenifunga kwa neno gani? Alilitamka yeye, nikalijibu kama alivyoniambia.

Lakini muhuri ulikuwa wake.

Jioni hiyo askari wa geti akaniletea karatasi. Muhuri upo, sahihi ipo. Nikaisoma nimesimama mlangoni. Ile ya kudumu ilikuwa imekatwa kwa wino, juu yake ameandika upya. Mahali pa kabila la mtu: Mwenyeji. Mahali pa aina ya permit: Mgeni. Muda: siku saba.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. "Imesema nini?" akaniuliza.

Nikamsomea yote. Nikaanza kulia, nikamwambia ni mimi, ni mdomo wangu.

Akaendelea na maharagwe. "Wewe uliulizwa, ukajibu," akasema. "Siku saba zinatosha kufua blanketi zikauka. Wacha kulia, unachanganya mawe na maharagwe."

Siku ya nane lori lilikuja. Walikuwa watu kama ishirini, wengi wanawake na mizigo yao. Karani Mwafrika, kijana wa rika langu, alikuwa anaandika majina na mahali mtu anakotoka.

"Kwenu wapi, mama?"

"Njoro," mama akasema.

"Njoro ulifanya kazi tu. Kwenu ni wapi?"

"Nimezika mzee wangu Njoro. Mtoto wangu yuko hapa Nakuru. Andika moja, yoyote, mimi sitakuambia ya tatu."

Karani aliniangalia. Kisha akachora mstari kwenye hiyo nafasi, akamwambia apande. Nilimsukuma mama kwa mgongo ndipo akafika juu, na bado nahisi uzito wake kwenye viganja nikiandika haya.

Mimi nilibaki na kazi yangu na chumba changu cha mtu mmoja. Nilikaa zaidi ya mwaka nikiomba pasi ya kwenda kumwona. Walipokubali, nilifika kile kijiji cha huko reserve walimowapanga watu, nyumba mistari mistari, na nikaanza kuuliza jina lake. Nikataja jina la baba yake, na ukoo. Hakuna aliyemjua.

Mwishoni mzee mmoja akaniuliza, "Unatafuta yule mama wa Nakuru?"

Alikuwa amefariki wakati wa mvua zilizopita. Walinionyesha mahali. Walinipa na blanketi yake, imekunjwa. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake. Siku zote alizoishi huko alikuwa yule mama wa Nakuru, yule mgeni.

Sasa mniambie tena kwamba sisi hatujui kuishi mjini.

Funzo nililopata ni hili, na nalisema kwa hasira kwa sababu nimejaribu kulisema kwa upole halikusikika. Ile manispaa ya Denmark haikuwa nzuri kwa sababu ya ngozi za watu wake wala ya bata wawili kwenye kidimbwi. Ilikuwa nzuri kwa sababu mtu akikaa mahali anahesabiwa ni wa hapo, na mkubwa wa mji analazimika kumjibu. Sisi hatukunyimwa akili ya mji. Tulinyimwa mji wenyewe, halafu leo wajukuu zetu wanatucheka kwamba hatukuutunza.

Na nyinyi mnaompangisha mtu nyumba leo mkamwuliza kwanza "kwenu ni wapi" kabla ya jina lake, nyinyi pia nawaona. Mnachora ule ule mstari wa karani.

Haya, uwanja ni wenu. Anayetaka kunitukana atukane, nimeshazoea. Lakini kabla hujaandika, muulize mama yako au nyanya yako aliulizwa "kwenu wapi" mara ngapi, na ni nani alimwandikia jibu. Kisha njoo utuambie hapa, na umtaje kwa jina lake.

Wangu aliitwa Wangari.